Nani abebe, na abebe kiasi gani? Maswali kuhusu ushuru, michango na haki

Maswali haya huulizwa sana na wauzaji wa soko la Kibuye hapa Kisumu, Kenya, vikundi vya akina mama wa Nyalenda na Manyatta, walimu wa Kakamega, na jamaa wa Nakuru wanaotaka kujua kwa nini mshahara unafika benki ukiwa umekonda. Majibu ni ya mtu anayewawekea watu daftari za michango, si ya wakili. Pale ninapoegemea upande utaona mwenyewe, sijaficha.

Nauza omena (dagaa). Sina mwajiri wala hati ya mshahara. Mimi pia ni mlipa ushuru?

Ndiyo, na ulianza kulipa kabla jua halijachomoza. Ulipopiga simu Dunga kuuliza kama mashua zimerudi, pesa za simu zilikuwa tayari zimekatwa. Ulipomtumia mvuvi malipo kwa M-Pesa, ada ya kutuma ilikatwa pia. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 15 kwa vyote viwili. Pikipiki iliyoleta gunia sokoni ilikunywa petroli yenye VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, uliopandishwa katikati ya 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16. Ongeza sabuni, betri ya tochi na karatasi za kufungia. Unga wa mahindi umeachwa bila VAT, lakini mtu haishi kwa unga peke yake.

Mwenye mshahara huamini kwamba yeye na wenzake ndio wanaoibeba nchi, kwa sababu makato yake yameandikwa mstari kwa mstari. Yako yamejificha ndani ya bei. Ndiyo maana mwanasiasa akipita sokoni akisema "nyinyi hamlipi ushuru", hakuna anayemjibu.

Mfano unaonikera zaidi ni mafuta taa. Mwaka 2018 kila lita iliongezewa ushuru wa shilingi 18, kwa maelezo kwamba kuna watu wanaichanganya na dizeli. Waliokuwa wakichanganya ni wenye matangi. Aliyepandishiwa bei ni anayepikia stovu.

Katiba inasema nini kuhusu mzigo huu?

Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kinaongeza kwamba faida na mzigo wa kukopa vigawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vijavyo. Mtoto anayezaliwa leo katika hospitali kuu ya hapa Kisumu, "Russia" kama wengi wetu tunavyoendelea kuiita, ameshaandikiwa sehemu ya deni.

Kifungu cha 210 kinasema ushuru hautozwi ila kwa sheria, na kwamba hakuna sheria inayoweza kumwondolea ofisa wa serikali ushuru kwa sababu ya cheo chake. Mbunge hana msamaha, gavana hana, rais hana.

Asilimia moja kwa wote, si hiyo ndiyo haki yenyewe?

Ni afadhali kuliko kiasi kimoja kwa wote. Chukua bima ya afya. Enzi za NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, asiye na ajira rasmi alilipa shilingi 500 kwa mwezi, awe fundi viatu wa Kondele au mwenye maduka matatu. Kwa walioajiriwa kulikuwa na ngazi, lakini ngazi ilikomea shilingi 1,700 kwa kila anayepata 100,000 na kuendelea. Aliyekuwa akipata milioni moja alitoa 1,700 hiyo hiyo. Ukipiga hesabu, hiyo haifiki hata robo ya asilimia moja ya mshahara wake.

SHIF, mfuko uliochukua nafasi yake, ilipoanza Oktoba 2024 kiwango kikawa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu. Wa milioni moja sasa anatoa 27,500. Wengi wenye mishahara mikubwa walipiga kelele, na sikuwahurumia sana.

Lakini tazama chini. Kuna kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Mia tatu ni asilimia 2.75 ya takriban 10,900. Yeyote anayepata chini ya hapo anatoa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho kuliko mkurugenzi wa benki. Mama anayefulia watu nguo na kupata 6,000 anatoa asilimia 5. Isitoshe, asiye na mwajiri anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600 kwa uchache, wakati mwenye mshahara anakatwa kidogo kidogo. Asilimia ilitengenezwa na mtu mwenye mshahara wa mwezi, kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwezi.

Na ushuru wa mapato?

Huo una ngazi zinazopanda. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, inayofuata 25, kisha 30, na juu ya 800,000 kwa mwezi inafika 35. Kwa kuwa kila mtu ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, anayepata 24,000 hulipa sufuri. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Taabu ni kwamba ngazi ya asilimia 30 inaanzia kama 32,000 na kwenda hadi nusu milioni. Mwalimu wa msingi na daktari bingwa wanakaa kwenye kidato kimoja.

Duka dogo je?

Ukiuza kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Milioni moja kwa mwaka ni kama 2,740 kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, kwa hiyo waendeshaji wengi wa boda na akina mama mboga hawafiki huko. Mwenye duka la jumla anafika haraka, naye ndiye anayeumia, kwa sababu asilimia 3 inatozwa kwa mauzo, si faida. Anayeuza sukari na mafuta kwa faida ya asilimia 6 anaachia nusu ya faida yake. Kinyozi wa mjini, ambaye karibu kila anachopokea ni chake, analipa kiwango hicho hicho. Sioni haki hapo, hata kidogo.

Mbona watu wanachanga maelfu kwenye matanga bila kunung'unika, halafu wanamkimbia kanjo (askari wa kaunti) kwa ushuru wa soko?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji tayari ana jibu lake: Waafrika hatupendi serikali. Silikubali.

Angalia mchango wa matanga unavyokwenda. Kuna mwenyekiti, kuna daftari, kuna kikundi cha WhatsApp ambamo orodha inabandikwa upya kila mtu akituma. Jina lako lipo na kiasi chako kipo, hata kama ni 200. Asiyetuma anajulikana, na hakuna anayemtukana. Anaachwa tu atambue kwamba orodha inasomwa. Siku ya mazishi unaliona jeneza, unaliona hema, unakula ule wali. Kamati ikibakisha pesa inasema imebakisha kiasi gani na kwamba amepewa mjane. Kamati isiposema, safari ijayo haipati kitu. Na kila mtu anajua zamu yake itafika.

Sasa ushuru wa soko. Unatoa kila asubuhi, unapewa tikiti nyembamba, choo kimefungwa, taa haziwaki, mvua ikinyesha unasimama kwenye tope. Jirani yako anayemjua mtu hatoi. Kanjo akichukua nusu ya kiasi bila tikiti, nyote wawili mnatabasamu. Ukikataa kulipa hapo, uchoyo hauna nafasi kubwa. Unaona watu wengine wamekaa juu ya mzigo unaoubeba wewe.

Wachumi wawili wa Zurich, Ernst Fehr na Simon Gächter, waliwahi kulijaribu jambo hili kwa mchezo wa pesa. Watu wasiojuana walipewa pesa, wakaambiwa kila mmoja aamue atie kiasi gani kwenye kapu la pamoja litakalozalishwa na kugawanywa sawa kwa wote, waliotia na wasiotia. Mwanzoni wengi walitia vizuri. Raundi baada ya raundi, walipoona wapo wanaokula bila kutia, wakapunguza, hadi kapu likabaki karibu tupu. Kisha wakaruhusiwa kumtoza faini mvivu, ila kwa gharama yao wenyewe. Wakaitoa hiyo gharama! Na michango ikapanda. Binadamu yuko tayari kulipa pesa yake ili asiyebeba naye ahisi. Mweka hazina yeyote wa chama cha kuchangiana hapa Kisumu angewaambia hayo bure.

Tunao ushahidi wa nyumbani pia. Utafiti wa Edward Miguel na Mary Kay Gugerty kuhusu shule za msingi za Busia ulionyesha kwamba palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, shule zilikusanya michango midogo zaidi kwa wazazi. Maelezo yao si kwamba watu wa makabila tofauti wanachukiana. Ni kwamba palikuwa vigumu kumbana mzazi asiyelipa wakati kamati na mzazi hawana jamaa wala kanisa linalowaunganisha. Ukiwa katika nchi ya watu wanaopita milioni 50, karibu wote ni wageni kwako. Hapo aibu ya kijijini haifiki, inabidi sheria na hesabu za wazi zifanye kazi yake.

Basi si turudi kwa harambee, tuachane na ushuru?

Harambee imefanya makubwa upande huu. Miaka ya 1970 vyuo kama RIAT hapa Kisumu na WECO kule Kakamega vilitokana na michango ya watu wa kawaida, na WECO leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mzee aliyeuza kuku ili achangie ana haki ya kujivuna.

Lakini wengine watakumbuka pia chifu aliyeshika ng'ombe au baiskeli ya asiyechanga. Huo ni ushuru uliovalishwa jina zuri. Watakumbuka mwanasiasa aliyekuja na bahasha na wapiga picha, na hakuna aliyemuuliza bahasha ilitoka wapi. Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba harambee inamfikia mwenye watu. Mgonjwa wa figo aliye na binamu Marekani na shemeji bungeni atachangiwa, na wa ukoo maskini atachangiwa nauli. Zaidi ya hayo, huwezi kufanya harambee ya dawa za zahanati kila mwezi. Watu watachoka kufikia mwezi wa tatu.

Watu wakipewa msaada bila masharti, si watalala?

Hili limepimwa hapa hapa, pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika. Huko Rarieda, zaidi ya miaka kumi iliyopita, familia maskini zilipewa pesa na shirika la GiveDirectly bila sharti lolote. Watafiti walipofuatilia hawakuona matumizi ya pombe na sigara yakipanda. Baadaye zaidi ya familia 10,000 za Siaya zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Majirani ambao hawakupewa chochote nao waliongeza matumizi, maana fundi alipata mabati ya kuezeka na mwenye duka akapata wateja. Watafiti walikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa pale kwa kama dola mbili na nusu.

Kisha kuna vijiji vilivyopewa kama shilingi 2,250 kwa kila mtu mzima kila mwezi, vingine vikiahidiwa miaka 12. Hawakulala. Walipunguza vibarua vya kulima shamba la mtu mwingine, wakaongeza biashara zao wenyewe. Kwa tajiri wa shamba hiyo inaonekana kama uvivu, kwa sababu hapati tena mtu wa kulima kwa bei ya zamani.

Jambo lingine halisemwi sana: kule Homa Bay karibu nusu ya waliostahili kupewa walikataa. Uvumi ulizuka kuhusu mashetani. Ukiniuliza, watu wazima waliona mzigo usio na mwenyewe wakaogopa utadaiwa siku moja. Anayedhani maskini hukimbilia kila cha bure hajakaa Homa Bay.

Lakini kitu cha bure hakithaminiwi. Watu wachangie angalau kidogo.

Kwa miaka mingi serikali na wafadhili waliamini hivyo, wakauita mpango huo kugawana gharama. Busia ukatokea mtihani. Shule zilikuwa zikitoa dawa za minyoo bure. Mwaka 2001 baadhi yake zikaanza kuwatoza wazazi ada ndogo sana. Palipobaki bure, asilimia 75 ya wanafunzi walimeza dawa. Palipotozwa, ilishuka hadi asilimia 18. Michael Kremer, mmoja wa walioandika utafiti huo, alishinda Nobel ya uchumi ya 2019 pamoja na wenzake wawili.

Yakafuata neti za mbu kwenye kliniki za wajawazito za magharibi. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima bei tofauti, kutoka bure hadi shilingi 40. Shilingi 40 tu! Waliochukua walipungua kwa pointi 60 kwenye mia. Na walionunua hawakuitumia zaidi ya waliopewa bure, ambao neti zao zilikuwa zimetandazwa juu ya kitanda vile vile.

Hapa pana tofauti ambayo watu huipitia haraka. Dawa ya minyoo ya mtoto wangu inamkinga mtoto wako pia, kwa sababu minyoo haijui uzio. Ukinitoza mimi peke yangu kwa faida tunayoipata wote, nitakokotoa faida yangu tu na nitaona haifai. Vitu vya namna hiyo vilipiwe na mfuko wa wote. Kreti ya soda ya sherehe yako, lipa mwenyewe.

Ndugu zangu wananimaliza. Nikipata kidogo tu, simu zinaanza.

Nimesikia haya kwa mwalimu wa Kakamega, askari wa Nakuru na mama wa mitumba. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio la uwekezaji vijijini magharibi mwa Kenya. Baadhi ya wanawake, hasa waliokuwa na jamaa karibu, walikubali kupata kidogo zaidi mradi tu jamaa wasijue wamepata kiasi gani. Yaani walijilipia usiri. Huo nao ni ushuru, na hauna ngazi wala risiti.

Sikushauri uwakatie ndugu simu. Aliyekulipia karo darasa la nane ana haki ya kupiga. Jiwekee kiasi cha mwezi, waambie, na kikiisha useme kimeisha. Watu huheshimu kikomo kinachojulikana kuliko visingizio vipya kila wiki.

Wazee wetu walichukia kodi. Kwa nini?

Kwa sababu ilitungwa iwaume. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza alitoza kila nyumba, na mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu. Ililazimu ilipwe kwa pesa, na pesa zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, kwa mfano huko Nakuru. Kusukuma wanaume wakatafute vibarua lilikuwa lengo, wala hawakulificha.

Mwaka 1921 ujira ulipokatwa, watu walikutana Lundha, Gem, na Young Kavirondo Association ikazaliwa. Watu waliiita Piny Owacho. Miongoni mwa madai yao ni kodi ipunguzwe na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, kiondolewe. Mwaka 1923 Owen, mchungaji Mwingereza, aliigeuza ikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chama cha walipa kodi! Alikipunguza makali, akawaapisha wanachama wachimbe vyoo na kuua panya. Hata hivyo jina lilibaki na hoja yake: anayelipa ana la kuuliza.

Na vijana wa Juni 2024?

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Yote mawili yaliondolewa kabla ya kura. Hata hivyo Juni 25 watu waliingia barabarani Nairobi, Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, na wapo waliouawa. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Mkate ulikuwa umeshatolewa, na bado walitoka. Mabango mengi hayakuzungumzia asilimia. Yalizungumzia saa za mkononi na magari ya wakubwa.

Kwenye chama chetu, mwenye gari na mwenye mkokoteni watoe sawa?

Inategemea mfuko. Kama ni wa kuzungushiana pesa, kila mtu atoe sawa, kwa sababu kila mtu anapokea sawa. Kama ni wa ugonjwa na msiba, pangeni ngazi mbili au tatu na kila mtu achague yake mbele ya wenzake. Nimeona watu wakijipandisha ngazi wenyewe kwa sababu ya macho. Sijawahi kuona aliyejipandisha kwa sababu ya katiba ya chama.

Asiyelipa tumfukuze?

Hapana, si mara ya kwanza. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel 2009, alichunguza vikundi vinavyotunza maji, misitu na malisho kwa vizazi. Vilivyodumu vilikuwa na adhabu inayoanza ndogo na kupanda: onyo, faini kidogo, faini kubwa, kisha mlango. Pia mlinzi wa sheria alikuwa mtu wao. Anayekosa kwa sababu mvua ya Kano imemchukulia mpunga si sawa na anayekosa huku ananunua simu mpya, na kikundi kinalijua hilo kuliko sheria yoyote mtakayoiandika.

Naweza kuiuliza kaunti pesa za soko letu zimeenda wapi?

Unaweza, na huhitaji wakili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza na usiulize "pesa zetu ziko wapi", maana utapewa hotuba. Uliza vitu vitatu: soko lenu lilikusanya kiasi gani mwaka wa fedha uliopita, kiasi gani kilitengewa ukarabati wake, na mkandarasi wa choo alilipwa lini. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, na uambatishe ile nakala yenye muhuri.